Nzaui: Tukitunze kilima kabla ya kukitangaza

Neno utalii limekuwa chumvi ya kila mpango wa maendeleo katika nchi yetu. Penye jiwe kubwa, pango au maporomoko ya maji, hakosekani mtu wa kutuambia kwamba hapo pamelala mali, na kwamba kinachotakiwa ni barabara, bango na hoteli ili mali hiyo iamke. Katika Kaunti ya Makueni, wasemao hivyo aghalabu hukitaja kilima cha Nzaui, kilicho karibu na soko la Kalamba. Mimi si mpinzani wa utalii. Naamini kwamba utalii wa kitamaduni, ukiongozwa kwa busara, waweza kukiokoa kilima hicho. Shaka yangu iko katika mpangilio wa mambo. Twataka kukitangaza kilima kabla hatujakubaliana kukitunza, na twataka kuwaalika wageni kabla ya wenyeji kupatana juu ya kile watakachowaonyesha.

Msafiri wa barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, akikaribia Emali, na atupe jicho upande wa kushoto. Mbali kidogo ataona kilima kirefu chenye ubavu wa mwamba uliosimama kama ukuta. Hicho ndicho Nzaui. Kalamba ni soko la wakulima, na wengi wamelisikia jina lake kwa sababu ya maembe, kwani ni hapo ambapo serikali ya Makueni ilijenga kiwanda cha kusindika matunda kilichozinduliwa mwaka 1917 + 100, yaani 2017, karne moja na ushei baada ya Kalamba kujulikana kwa jambo jingine kabisa. Jambo hilo ni dini. Ni wachache, hata miongoni mwa vijana waliozaliwa huko, wanaofahamu kwamba kilima hicho kimebeba mianzo miwili: mwanzo wa binadamu kama unavyosimuliwa katika dini ya jadi ya Wakamba, na mwanzo wa mojawapo ya makanisa makubwa ya Kenya.

Nianze na ule wa zamani zaidi. Masimulizi ya Wakamba yanaeleza kwamba Mulungu, ambaye pia huitwa Mumbi kwa kuwa ndiye muumba, aliwashusha mwanamume na mwanamke kutoka mawinguni pamoja na mifugo yao, nao wakatua juu ya mwamba wa Nzaui. Jozi nyingine ya mume na mke ilitokea chini, katika shimo la ardhi. Watoto wa jozi hizo mbili wakaoana, na kutoka kwao ukaenea ukoo wa watu. Juu ya mwamba zipo alama zinazosemekana kuwa ni nyayo za hao wa kwanza na za mifugo yao. Msomaji wa jiolojia atakuwa na maelezo yake kuhusu alama hizo, wala sina ugomvi naye. Hoja yangu ni kwamba watu wa Ukambani hawakuhitaji kusafiri hadi nchi ya mbali ili wapate mahali pa kuonyesha kwa kidole na kusema: hapa ndipo mbingu ilipogusa ardhi.

Isitoshe, imani hiyo ilikuwa na mahali pake pa ibada. Mkamba wa jadi hakujenga hekalu la mawe. Alikuwa na ithembo, na kwa wingi mathembo, yaani vichaka vitakatifu vyenye miti mikubwa ambavyo havikuguswa na shoka. Humo wazee wa matambiko, wanaume kwa wanawake, walitoa sadaka ya mbuzi, maziwa, pombe na mazao ya shamba, wakamwomba Mulungu mvua, wakamshukuru kwa mavuno, na kuwakumbuka wafu wao, ambao kwa Kikamba huitwa aimu. Msomi wa Sweden, Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti wake Ukambani katika miaka ya 1911 na 1912, aliziandika kwa urefu desturi hizi katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1920. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi wa leo anayetaka kujua babu zake waliomba vipi hulazimika kukitafuta kitabu cha Mzungu katika maktaba, ilhali mahali penyewe pa maombi papo mwendo wa miguu kutoka shuleni kwake.

Mwanzo wa pili ni wa mwezi Desemba mwaka 1895. Reli ya Uganda ilikuwa haijaanza kujengwa, na anayekwenda bara kutoka Mombasa alikwenda kwa miguu. Ndivyo alivyofika Nzaui kijana aitwaye Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Scotland aliyelelewa Marekani, akiongoza kikosi kidogo cha wamisionari wa jamii mpya iliyoanzishwa Philadelphia kwa jina la Africa Inland Mission. Nzaui kikawa kituo chao cha kwanza katika Afrika nzima. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamefungua vingine vitatu: Sakai, Kilungu na Kangundo. Mnamo Desemba 1896, mwaka mmodi tu baada ya kufika, Scott alifariki kwa homa kali ya mkojo mweusi, akiwa hajatimiza hata umri wa miaka 30. Wenzake kadhaa walikufa au kurejea kwao. Kutokana na mbegu hiyo iliyoelekea kufa ndipo lilipochipuka Africa Inland Church, kanisa ambalo leo lina waumini kila pembe ya Kenya.

Kuna jambo katika maisha ya Scott ambalo ningependa walimu wa dini walitafakari pamoja na wanafunzi wao. Masimulizi ya misheni yake husema kwamba kabla ya kuja kwetu alikuwa amekwenda Kongo, akamzika huko ndugu yake, kisha akarudi Uingereza akiwa mgonjwa na mwenye kukata tamaa. Siku moja aliingia Westminster Abbey mjini London akasimama mbele ya kaburi la David Livingstone, mtu ambaye mwili wake ulibebwa na Waafrika, akina Chuma na Susi, kutoka bara hadi Bagamoyo mwaka 1874. Hapo kaburini ndipo Scott alipopata upya wito wa kurudi Afrika. Basi misheni iliyotufundisha kwamba kuheshimu mahali pa wafu ni ushenzi, yenyewe ilizaliwa kandokando ya kaburi. Mwanzilishi wake alijua moyoni kile wazee wa Nzaui walichokijua, kwamba mahali pana uwezo wa kusema na mtu.

Na hayo si yote waliyoshiriki. Mmoja wa wenzake Scott, Willis Hotchkiss, ambaye baadaye mwaka 1902 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa misheni ya Wakweka huko Kaimosi, aliandika jinsi alivyohangaika kwa zaidi ya miaka miwili Ukambani akitafuta neno moja tu la Kikamba: neno la kuokoa. Alijua maneno ya vitu vya kushika na kuona, lakini hilo lilimponyoka. Akalipata jioni moja kando ya moto, kutoka kwa Mkamba aliyeitwa Kikuvi, ambaye alikuwa akisimulia jinsi Mzungu mmoja alivyoshambuliwa na simba na jinsi yeye Kikuvi alivyomwokoa. Fikiri juu ya hilo, ewe mwalimu wa lugha. Mhubiri alikuja na habari za wokovu, lakini neno lenyewe la wokovu alipewa na mwenyeji, tena mwenyeji aliyekuwa tayari amemwokoa Mzungu. Kila Mkamba anayesali kanisani leo anasali kwa maneno yaliyofinyangwa na watu waliosali katika ithembo.

Mtu aliyeuelewa ukweli huu kuliko wengi alikuwa mwana wa Ukambani, Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019. Mbiti alikuwa kasisi wa Kianglikana, na katika uzee wake alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba, kazi iliyochapishwa mwaka 2014. Ni huyo huyo ambaye katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika aliwathibitishia wasomi wa dunia kwamba Mwafrika alimjua Mungu kabla ya kumjua mmisionari. Hakuona kwamba kusema hivyo kunampunguzia Ukristo wake hata chembe. Kama msomi wa kiwango chake aliweza kuushika urithi wote miwili kwa mikono miwili, sisi wanafunzi wake twashindwa kwa nini?

Kwa hakika tumeshindwa. Kwa zaidi ya miaka 100 pande hizi mbili zimeishi juu ya kilima kimoja kama majirani wasiosalimiana. Kanisa lilifundisha kwamba ithembo ni makao ya shetani, na baadhi ya waumini wakaona ni sifa njema kuikata miti yake. Wazee nao walijifungia na siri zao, wakaona kwamba mtoto aliyekwenda shule ni mtoto aliyepotea, na wengi wao wameaga dunia bila ya kumwachia mtu yeyote waliyoyajua. Matokeo yake ni kwamba kizazi cha sasa hakina hiki wala kile. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu, vijana werevu kabisa wa Ukambani, maana ya neno ithembo. Mmoja aliniambia ni mahali pa wachawi. Wengine walinyamaza. Nilipouliza Scott ni nani, walinyamaza wote.

Ujinga huo una gharama inayoonekana kwa macho. Misitu ya vilele vya Makueni, Nzaui ukiwemo, ndiyo inayokamata ukungu na kuzihifadhi chemchemi za watu wanaokaa chini, katika nchi ambayo ukame si mgeni. Wazee wetu waliikumbuka njaa ya Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19 kama tunavyoikumbuka sisi misiba ya jana. Zamani kilichozuia shoka hakikuwa askari wa msitu. Kilikuwa ni hofu takatifu. Hofu hiyo ilipoondolewa, hakikuwekwa kitu kingine mahali pake, na mchoma makaa akaingia akiimba. Penye ithembo lililosahauliwa, ua la shamba la mtu husogea kidogo kila msimu, na hatimaye haupatikani mti wala mtu wa kukumbuka kwamba mti ulikuwapo.

Hapo ndipo utalii unapojitokeza na kusema: mimi nitawapa sababu mpya ya kuutunza mti huo, nayo ni fedha. Ahadi hii isidharauliwe, lakini pia isimezwe bila kutafunwa. Wakamba si wageni katika biashara ya watalii. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mutisya Munge wa Wamunyu alianza kuchonga vinyago vya kuuza kwa ufundi alioupata Tanganyika, na kutokana naye uchongaji ukawalisha maelfu ya watu. Mwaka 1963 ukaundwa ushirika wa wachongaji wa Changamwe, Mombasa. Lakini kila twiga na kila kifaru wa mti aliyenunuliwa na mgeni alitoka msituni. Mihuhu ya pwani na ya bara ilikatwa hadi ikawa adimu, ndipo wachongaji wakashauriwa kugeukia miti inayokua upesi kama mwarobaini. Biashara ilikuwa imekula mti uliokuwa ukiilisha. Hilo ni funzo la kwanza.

La pili linahusu roho ya jambo, nalo walimu wa muziki watanielewa. Kilumi ni ngoma ya uponyaji na ya kuomba mvua. Ina wakati wake, ina wazee wake, na ngoma yenyewe kubwa, mwase, haipigwi ovyo. Siku hizi twaishangilia ngoma hiyo katika mashindano ya muziki ya shule, ikichezwa kwa dakika chache mbele ya waamuzi wenye kalamu. Silaumu mashindano, bila hayo huenda vijana wasingalijua hata jina la kilumi. Hata hivyo mtoto aliyeicheza jukwaani akapata alama nzuri bila kuelezwa kwamba watu walilia na kupona ndani ya ngoma hiyo, amepewa ganda akanyimwa kokwa. Kilima kinaweza kupatwa na jambo hilo hilo. Nyayo zinaweza kuwa kitu cha kupigia picha, na mwamba ukawa mahali pa kuchora jina kwa rangi, kama tunavyoona katika majabali mengi ya Ukambani.

Tusidhani kwamba hakuna waliotutangulia katika njia hii. Huko Kwale, karibu na Diani, kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Tangu mwaka 2001 wenyeji wamewaruhusu wageni kuutembelea kwa malipo, lakini kwa masharti ya wenyeji. Mgeni hufungwa nguo nyeusi kiunoni, hutembea na kiongozi wa hapo hapo, haruhusiwi kubeba hata jani, na wapenzi hawaruhusiwi kubusiana humo ndani. Sehemu za ndani kabisa za ibada hazifunguliwi kwa mtu wa nje. Makaya ya Mijikenda yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na sifa hiyo haikutokana na hoteli. Ilitokana na wazee waliokataa kuuza. Mgeni hulipa kwa furaha ili aheshimu masharti, kwa sababu masharti ndiyo yanayomwonyesha kwamba yuko mahali penye maana.

Kuna mfano wa Kit Mikayi pia, lile rundo la majabali makubwa huko Seme, katika Kaunti ya Kisumu. Hapo huja mtalii na kamera yake, huja mzee wa mila, na huja waumini wa makanisa ya Kiafrika, hasa Legio Maria, wakiwa na rozari na mishumaa. Kila mmoja ana sababu yake, na jiwe halimfukuzi yeyote. Karibu zaidi na kwetu, jabali la Nzambani nje ya mji wa Kitui limewekewa ngazi za chuma, na wageni hulipa ili walipande. Wengi huvutwa na ile hadithi kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Hadithi hiyo ni ya kuchekesha na ina mahali pake. Hata hivyo, kama mgeni ataondoka Ukambani akiwa na kichekesho hicho peke yake, basi tutakuwa tumemwuzia mlango tukamnyima nyumba.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mchungaji atauliza iwapo kuyatunza mathembo si kuwarudisha watu kwenye matambiko. Ninamjibu kwa heshima kwamba kutunza si kuabudu. Mkristo anayetembelea magofu ya hekalu la Kigiriki haogopi kuwa atatoka humo akimwomba Zeu. Tena Katiba ya mwaka 2010 inamlinda mchungaji na mzee wa ithembo kwa ibara moja, ile ya 32, inayompa kila mtu uhuru wa dini. Anayeikata miti ya ibada ya jirani yake anatoboa mtumbwi alimopanda mwenyewe. Mzee naye atasema kwamba mgeni atapanajisi mahali patakatifu. Hofu yake ni ya haki, na jibu lake ni Kinondo: aachiwe yeye kusema wapi ni mwiko na siku gani njia ifungwe. Mtu wa hesabu atasema kwamba wageni watakuwa wachache, na hapo nakubaliana naye. Tusiwadanganye vijana wa Kalamba kwamba watatajirika kwa nyayo za mwambani. Embe litaendelea kuwalisha kuliko utalii. Lakini mapato madogo yanayolipa mishahara ya waongoza wageni watano, yanayonunua miche na kukarabati kisima, si haba kwa kijiji, hasa kama hayakugharimu mti hata mmoja.

Je, lifanyike nini? Kwanza, wakae pamoja. Wazee wa matambiko waliosalia, viongozi wa Africa Inland Church na makanisa mengine, wenye mashamba yanayopakana na kilima, na maafisa wa misitu, waketi Kalamba kama wenye nyumba, kabla ya mchoraji ramani wa hoteli kuitwa. Wakubaliane mambo matatu: yapi ni ya kuonyeshwa, yapi ni ya kuhifadhiwa bila kuonyeshwa, na fedha zitagawanywaje. Nasisitiza hilo la pili. Urithi una haki ya kuwa na chumba cha ndani ambacho mgeni haingii.

Pili, sheria itumiwe, maana ipo. Ibara ya 63 ya Katiba inayataja madhabahu ya jadi miongoni mwa ardhi za jamii. Jedwali la Nne linazikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni na utalii wa mashinani. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inaruhusu mahali penye thamani ya kihistoria kutangazwa kuwa turathi inayolindwa, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inawapa wenyeji nafasi ya kuunda vyama vya kushiriki katika utunzaji wa misitu. Makueni yenyewe imeonyesha kwamba inaweza. Mwaka 2015 ilitunga sheria yake ya kulinda mchanga wa mito dhidi ya wachimbaji waliokuwa wakiumaliza. Kaunti iliyoweza kuulinda mchanga haiwezi kushindwa kuulinda mwamba.

Tatu, hadithi zote mbili zisimuliwe kwa pamoja na kwa uzito ulio sawa. Kiongozi wa wageni atakayewaeleza habari za Scott akaruka nyayo, au atakayezieleza nyayo akamruka Scott, atakuwa amekikata kilima vipande viwili. Wala tusikomee hapo. Mwaka 1922 alitokea Ukambani nabii Ndonye wa Kauti, aliyewatangazia watu kwamba Mungu amesema naye na kwamba enzi mpya inakuja. Watu wakamfuata, na serikali ya kikoloni ikamkamata na kumhamisha mbali na kwao. Katika mahubiri yake mlikuwa na sauti ya ithembo na sauti ya misheni zikiwa zimechanganyika tayari. Historia yetu ya dini haina ukuta katikati kama tulivyoambiwa.

Nne, na hili nalielekeza kwa walimu na wanafunzi wanaousoma ukurasa huu, ninyi muwe wageni wa kwanza wa Nzaui. Nchi hii huwatazama watalii kama watu wanaotoka ng'ambo. Lakini shule moja ya Machakos, Kitui au Wote inayokodi basi na kuja Kalamba inaweza kufanya zaidi ya kundi la wageni waliokuja kwa saa mbili. Tangu mwaka 2017 reli ya kisasa inapita Emali, na hata shule za Nairobi na Mombasa haziko mbali tena. Mtaala wa 8-4-4 uliiweka turathi ya dini za Kiafrika katika somo la dini la kidato cha kwanza, na mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi wajifunze kutoka kwa jamii inayowazunguka. Somo hilo mara nyingi hufundishwa kwa orodha ya vipengele vya kukariri ubaoni: imani kwa Mungu, imani kwa wahenga, matambiko. Mwanafunzi huyakariri, huyaandika katika mtihani, kisha huyasahau. Angeyasahau vipi kama angekuwa amesimama chini ya mti wenyewe akimsikiliza bibi mwenye miaka 80 akieleza jinsi mamake alivyoomba mvua?

Bibi huyo hatakuwapo daima. Hilo ndilo linalonifanya niandike kwa haraka kiasi hiki. Mwamba utangoja, umekuwapo tangu kale na hautakwenda popote. Msitu ukikatwa unaweza kupandwa upya, ingawa kwa taabu. Lakini maneno ya sala za ithembo, majina ya miti, sababu ya mwiko huu na ule, na kumbukumbu za familia zilizowapokea wamisionari wa kwanza wakiwa na njaa na homa, hayo yote yamo vichwani mwa wazee wachache, na kila msimu wa baridi hupungua. Kila shule ya sekondari ya Ukambani ina simu yenye kinasa sauti na ina wanafunzi wanaokijua Kikamba. Kazi ya kuwarekodi wazee haingoji bajeti ya kaunti. Inahitaji mwalimu mmoja mwenye nia, kalamu, na adabu ya kubisha hodi na kukaa chini bila kuangalia saa.

Mgeni atakuja tu. Barabara zinaboreshwa, picha zinasambaa, na siku moja mtu mwenye mtaji atakitazama kilima cha Nzaui na kuona vyumba 100 vya kulala. Siku hiyo ikifika, ataikuta jamii iliyokwisha kupatana juu ya kile kisichouzwa, au atawakuta wazee wamezikwa, miti imekwisha na vijana wako tayari kupokea bei yoyote. Uamuzi wa lipi kati ya hayo mawili utakuwa umefanywa mapema, katika vikao vya Kalamba na katika madarasa yetu. Na tuanze na madarasa, maana hayo yako mikononi mwetu muhula huu.